Na wa mwisho aandikwe: barua ya wazi kwa Kamati ya Michezo ya Shule za Msingi wilayani kwetu

Ndugu Mwenyekiti, Ndugu Katibu, pamoja na wajumbe wote wa Kamati,

YAH: KUZUIWA KWA SHULE ZISIZO NA MEDALI KUSHIRIKI MASHINDANO YA WILAYA

Tafadhali husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mwalimu wa michezo katika shule ya msingi iliyo mbali na makao makuu ya wilaya, na huu ni mwaka wangu wa 14 kazini. Sitaitaja shule wala wilaya. Mnanifahamu, nami nawafahamu, na wengine wenu tulikaa bweni moja chuoni. Sikukusudia kumwaibisha mtu. Nimeamua kuandika hadharani kwa sababu milango ya ndani nimeshaipigia hodi yote. Barua ya kwanza niliileta kwa mkono mwezi wa Februari, ikagongwa muhuri wa kupokelewa, na nakala ninayo. Ya pili niliipitisha kwa Afisa Elimu Kata. Nikaja ofisini mara mbili kwa bodaboda. Mara ya kwanza nikaambiwa mhusika yuko kikaoni. Mara ya pili nikajibiwa nikiwa bado nimesimama mlangoni: "Mwalimu, tafuteni medali kwanza, halafu ndiyo tuongee." Hilo ndilo jibu pekee nililolipata mpaka leo, na ndilo ninalolijibu hapa.

Kwa faida ya wasomaji wengine nieleze kwa kifupi. Michezo ya shule za msingi, UMITASHUMTA, hupanda kama ngazi: shule, kata, wilaya, mkoa, mpaka taifa. Mwaka huu Kamati yetu imetoa tangazo kwamba shule ambayo kwa miaka miwili mfululizo haikupata medali hata moja wilayani haitaleta timu tena. Wanafunzi wake wataruhusiwa kuja "kama watazamaji". Shule yangu ni mojawapo. Si peke yetu; karibu zote zilizotajwa ni shule za pembezoni, zile ambazo mtoto anatembea saa nzima kufika darasani.

Kabla ya hoja zangu, naomba niwarudishe uwanjani, Juni mwaka jana.

Zilikuwa mbio za mita 1,500 wasichana. Uwanja wetu una mzunguko wa mita 300, kwa hiyo ni mizunguko mitano, na mstari wa kuanzia ndio huohuo wa kumalizia. Binti wa shule yangu, darasa la sita wakati huo (jina lake silitaji, ni mtoto), alikuwa na namba 41, karatasi iliyoandikwa kwa kalamu nene na kubanwa mgongoni kwa pini nne. Alikimbia peku kama wenzake wengi. Mzunguko wa pili kichomi kikamshika. Nilimwona akiweka kiganja ubavuni, upande wa kulia, akipabonyeza, na hakukitoa tena. Wenzake wakamwacha. Kisha aliyekuwa anaongoza akamzunguka.

Mshindi alipokata utepe, binti alikuwa bado na mzunguko mzima mbele yake. Mwamuzi mmoja akamfuata njiani akimpungia kitambaa: "Toka, toka, tunapanga mita 200." Binti akasogea pembeni kidogo, akampita, akaendelea. Alipokuwa upande wa pili, nyuma ya goli, utepe ulikuwa umeshakunjwa. Mtunza muda alikuwa amegeuka, anamsomea karani muda wa sita wa kwanza. Wavulana wa mita 200 walikuwa wamesimama juu ya mstari, na chokaa imefutika kwa nyayo zao. Binti akapita katikati yao ameinamisha kichwa, akavuka pale alipokumbuka kuwa palikuwa na mstari, akaja moja kwa moja nilipo. Hakuomba maji. Aliuliza: "Mwalimu, wameniandika?"

Nikaenda mezani. Karani, kijana mwenye adabu kabisa, akanionyesha karatasi. Ilikuwa imechorwa mistari sita. Wa saba na kuendelea hakuwa na pa kuandikwa hata kama mtu angetaka kumwandika.

Sasa hoja zangu.

1. Kamati imechanganya kushindwa na kushindwa.

Lugha yetu inatumia neno moja kwa mambo mawili. Timu iliyofungwa mabao 3 kwa 1 imeshindwa. Na mtu aliyekaa chini njiani akasema siendi tena, naye ameshindwa. Tangazo lenu limeyachukua haya mawili likayafanya moja. Binti wa namba 41 alishindwa kwa maana ya kwanza: watu walimtangulia. Kwa maana ya pili hakushindwa hata kidogo. Walioshindwa hapo ni sisi watu wazima, tuliotakiwa kusimama dakika mbili zaidi pale mstarini, tukashindwa kusimama.

Tena neno lenyewe la mashindano linatokana na kushindana, na kushindana ni kazi ya zaidi ya mtu mmoja. Shule yangu ikibaki nyumbani, na ile ya ng'ambo ya mto ikabaki nyumbani, yule wa kwanza wenu atakuwa amemshinda nani? Msemo wa asiyekubali kushindwa si mshindani umeandikwa kwa rangi ya bluu kwenye ukuta wa ofisi yetu ya walimu, na watoto wanausoma kila asubuhi wanapopita kuchukua chaki. Mwaka huu nitawaeleza nini wakiniuliza maana yake?

2. Kanuni hii ingekuwa ya dunia, Tanzania isingekuwa na timu.

Naomba mhesabu pamoja nami. Tangu tuanze kwenda Olimpiki mwaka 1964, nchi yetu imepata medali mbili tu. Zote ni za fedha, na zote zilipatikana Moscow mwaka 1980: Filbert Bayi kwenye mita 3,000 kuruka viunzi na maji, na Suleiman Nyambui kwenye mita 5,000. Baada ya hapo tumekwenda Los Angeles, Seoul, Barcelona, Atlanta, Sydney, Athens, Beijing, London, Rio, Tokyo na Paris. Mara 11, na mara zote 11 tumerudi bila medali. Ninyi mnafungia shule baada ya miaka miwili. Kwa kipimo chenu bendera yetu ingekuwa imekaa kabatini tangu nikiwa mtoto.

Mpira hivyohivyo. Taifa Stars walicheza fainali za Afrika mwaka 1980 kule Nigeria, kisha tukakaa miaka 39 bila kuzigusa. Tuliporudi mwaka 2019 nchini Misri tulicheza mechi tatu, tukafungwa zote tatu: Senegal 2, Kenya 3 kwa 2, Algeria 3. Nakumbuka watu walivyoumia siku ya Kenya, maana mara mbili tulikuwa tumetangulia. Je, tulifungiwa? Fainali zilizochezwa Ivory Coast Januari 2024 tulikuwepo, tukatoka sare na Zambia na sare nyingine na Kongo. Hatukuvuka kundi, lakini aliyeangalia miguu ya wachezaji wale aliona kwamba kipigo cha Misri walikuwa wamekifanyia kazi.

Na kuna habari ya karibu zaidi, ambayo kila mmoja wenu aliishangilia. Alphonce Simbu alikuwa wa 5 Rio mwaka 2016, wa 7 Tokyo, na Paris, Agosti 2024, akamaliza wa 17. Nafasi ya 17! Karatasi yenu yenye mistari sita isingemjua. Mwaka mmoja na mwezi mmoja baadaye, tarehe 15 Septemba 2025, Simbu huyohuyo alikuwa bingwa wa dunia wa marathoni mjini Tokyo, akimpita Mjerumani Amanal Petros mstarini kwa tofauti ya sekunde 0.03 baada ya kilomita 42. Ndiye Mtanzania wa kwanza kupata dhahabu ya dunia kwenye riadha. Baina ya nafasi ya 17 na dhahabu, mtu yuleyule, miguu ileile.

3. Mnasimulia habari ya Akhwari, lakini mnaiacha nusu yake.

Hapa naomba subira yenu, maana hili ndilo lililoniketisha kuandika.

Hakuna mwalimu wa michezo nchini asiyewahi kuwasimulia watoto habari za John Stephen Akhwari wa Mbulu. Mgeni rasmi wetu mwaka jana naye alimtaja kwenye hotuba ya ufunguzi, na akamtaja vizuri. Ilikuwa tarehe 20 Oktoba 1968, Mexico City, mji ulio zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi na pumzi hazitoshi. Walianza marathoni wanaume 75. Misuli ikamkaza Akhwari, kisha katika kusukumana akaanguka, goti likaumia vibaya na bega likagonga lami. Wenzake 18 waliachia njiani, na hakuna aliyewalaumu. Yeye akafungwa bandeji akaendelea, mara anakimbia, mara anatembea, mara anachechemea. Akaingia uwanjani giza limeshaanza, watu wachache wamebaki kwenye viti, akiwa wa 57 na wa mwisho kati ya waliomaliza. Alipoulizwa kwa nini hakuacha, akajibu kwamba nchi yake haikumtuma mbali kote kule kuanza mbio, ilimtuma kuzimaliza.

Tukifika hapo tunapiga makofi, tunakwenda kula. Lakini kuna jambo lingine pale, na nimelifikiria kila siku tangu Juni. Muda wa Akhwari unajulikana. Ni saa 3, dakika 25 na sekunde 27. Mamo Wolde wa Ethiopia, aliyeshinda, alitumia saa 2, dakika 20 na sekunde 26. Maana yake ni kwamba zaidi ya saa nzima baada ya mshindi kuvuka, pale mstarini kulikuwa bado na mtu ameshika saa. Mstari wenyewe ulikuwepo, na karatasi ilikuwa na nafasi ya 57. Huyo mtu jina lake silijui, wala hajawahi kutajwa kwenye hotuba yoyote niliyoisikia, na bila shaka naye alikuwa amechoka, ana njaa na anataka kwenda kwake. Alibaki. Kwa sababu alibaki, sisi tuna cha kuwasimulia watoto.

Akhwari angekimbilia kwenye uwanja wetu angefika akakuta wavulana wa mita 200 wamesimama juu ya chokaa.

Na wasije wakatuambia kwamba hayo yalikuwa ya zamani. Paris mwaka 2024, kwenye marathoni ya wanawake, dada mmoja kutoka Bhutan, Kinzang Lhamo, alimaliza wa 80 na wa mwisho. Alitumia saa 3, dakika 52 na sekunde 59, saa moja na nusu nyuma ya Sifan Hassan wa Uholanzi. Watu walimshangilia njiani mpaka mwisho, na alipofika alikuta mstari upo, saa inatembea na jina lake linaingia kwenye orodha. Akhwari naye hakuishia Mexico: miaka miwili baadaye, kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola kule Edinburgh, alikuwa wa tano kwenye marathoni.

4. Mnafungua mlango wa mamluki.

Hili nalisema kwa uchungu kwa sababu walimu wenzangu wanahusika. Mkishasema kwamba shule isiyo na medali inakatwa, mwalimu mkuu anayeogopa kukatwa ataitafuta medali popote ilipo. Tumeshaona, na ninyi mmeona: kijana ambaye sauti imeshavunjika, aliyemaliza la saba mwaka juzi, anavalishwa jezi ya shule ya msingi na kupewa jina la mtoto aliyeachwa darasani. Mtoto yule mwenye jina lake halali anabaki nyumbani. Anajua kwamba jina lake linakimbia bila yeye. Nimewahi kukaa na mtoto wa namna hiyo, hakuwa wa shule yangu, na sikupata neno la kumwambia.

Mamluki ni tatizo la zamani, tunalipiga vita kwa kukagua picha na vyeti vya kuzaliwa. Sasa Kamati inalilisha tatizo hilo.

5. Watoto hawakui kwa saa moja.

Hili ni fupi na kila mzazi analijua. Katika darasa moja la sita nina msichana aliyenizidi kimo na mwingine anayefika kifuani kwa mwenzake, na wamepishana miezi mitatu tu. Leo yule mrefu anashinda kila kitu. Akifika kidato cha pili wenzake watakuwa wamemfikia, na huenda yule mfupi ndiye atakayekuwa amebaki na mapafu na ubishi. Ukimkata mtoto akiwa na miaka 12 kwa sababu ya nafasi aliyoshika, unakata mti kabla hujajua ni wa nini.

6. Kuna vitu watoto hurudi navyo ambavyo havivaliwi shingoni.

Miaka mitatu iliyopita timu yetu ya netiboli ilifungwa 31 kwa 4. Nilikuwa nimejiandaa kwa vilio. Tulipopanda kwenye gari kurudi (tulikodi kirikuu, watoto wamesimama nyuma wameshikana mabega) wakaanza kuimba. Walikuwa wanaziimba zile nne. Kila bao walilitungia ubeti wake: nani alidaka, nani alitoa pasi, nani alifunga, na yule mlinzi mrefu wa wapinzani aliyeruka akakosa. Waliimba kilomita zote mpaka kijijini, na wazazi waliokuja kupokea walidhani tumeshinda.

Kesho yake asubuhi, kabla ya namba, nilikuta wamechora duara uwanjani kwa kijiti wanafundishana ile mbinu waliyofungiwa nayo. Kapteni wa timu ile iliyotufunga, bila kujua, alikuwa ametufundisha zaidi ya nilivyowafundisha mimi kwa muhula mzima, kwa sababu mimi netiboli niliisoma kwenye kijitabu. Mwaka uliofuata tulifungwa na shule ileile 19 kwa 11. Hakuna medali katika habari hii. Kwenye karatasi zenu ni miaka miwili mfululizo ya kushindwa, na ndiyo mliyotufungia.

Mtoto wa shule yetu akitoka kijijini kwenda wilayani anaona kwa mara ya kwanza uwanja wenye majukwaa, anakula na watoto asiowajua, anajifunza kumpa mkono aliyemfunga. Huyo mtoto akija kuwa mtazamaji atakaa nyuma ya kamba. Kwa nini atembee saa nzima kuja kukaa nyuma ya kamba?

Ndugu wajumbe, najua mtakayojibu, kwa sababu baadhi nimeshayasikia kwa njia ya pembeni.

Mtasema bajeti haitoshi. Nakubali haitoshi, lakini tuwekane wazi: Kamati hailipii usafiri wa shule yangu na haijawahi kuulipia. Wazazi huchanga, anayekosa fedha huleta debe la mahindi au kuku, na uji wa watoto tunapika wenyewe kwa kuni tulizokuja nazo. Mkituondoa, Kamati inaokoa karatasi za namba na pini. Karatasi nitaleta mimi, na pini pia.

Mtasema muda ni mdogo, jua linazama mbio hazijaisha. Kweli jua huzama. Lakini mwaka jana watoto walipangwa uwanjani saa mbili asubuhi, na mgeni rasmi akafika saa tano kasoro. Hotuba zilikuwa nne. Sisemi zisiwepo, wageni wana heshima yao. Ninasema tu kwamba mkiwa mnatafuta dakika mbili za binti mwenye kichomi, ziko pale asubuhi, nyingi tu.

Mtasema mkoa unataka medali, na wilaya isiyo na medali inasemwa kwenye vikao. Hilo ninalielewa kuliko mnavyodhani, maana nami ninasemwa. Basi chagueni timu ya wilaya kwa ukali mnaoutaka, pelekeni mkoani wale bora kabisa, hakuna atakayelalamika. Kuchagua ni kazi yenu. Ninachobisha ni kuchagua kabla ya kuangalia. Wakati wa rekodi ya dunia ya Filbert Bayi kule Christchurch, Februari 1974, mita 1,500 kwa dakika 3 na sekunde 32.16, aliyekuwa nyuma yake alikuwa John Walker wa New Zealand, mwenyeji. Walker alishindwa mbele ya watu wake, lakini naye alikimbia chini ya rekodi ya zamani. Hata rekodi yetu kubwa kuliko zote ilikuwa na mtu anayeshindwa akiifukuza kwa nyuma, na miaka miwili baadaye mtu huyo alichukua dhahabu ya Olimpiki.

Mtasema pia, na hili ndilo lililonishangaza kuliko yote, kwamba mnawaonea huruma: kushindwa kila mwaka kunawavunja watoto moyo. Nimekaa na watoto hawa miaka 14. Nimewaona wakifungwa mabao 8 wakacheka, nimewaona wakiwa wa mwisho wakagombania kusimulia. Binti wa namba 41 hakutoa chozi kwa sababu ya kuwa wa mwisho. Alilia jioni, nyuma ya gari, baada ya mimi kurudi mezani na kumwambia ukweli kwamba hakuandikwa. Alikuwa amenyamaza mchana kutwa akisubiri karatasi ya matokeo ibandikwe, kwa sababu alitaka kumwonyesha bibi yake jina lake.

Wala msiseme masomo yanaathirika, kwa sababu watazamaji nao wanatoka darasani siku hizohizo.

Baada ya maelezo hayo, ninaomba mambo haya:

(a) Tangazo la kufungia shule zisizo na medali lifutwe kabla ya mashindano ya ngazi ya shule kuanza, ili watoto wafanye mazoezi wakijua wanakwenda mahali.

(b) Itungwe kanuni ya Kamati, iandikwe na isomwe kwa waamuzi wote asubuhi ya kila siku, kwamba mbio hazijaisha mpaka wa mwisho aliyebaki mbioni amevuka. Utepe ukikatwa uvutwe tena. Mtunza muda asiondoke mstarini, na hakuna kupanga mbio nyingine juu ya chokaa kabla hajafika. Anayeumia asaidiwe, lakini anayeweza kuendelea asifukuzwe.

(c) Karatasi ya matokeo ichorwe mistari kulingana na idadi ya walioanza, na ibandikwe yote. Mwisho wa mashindano kila shule ipewe nakala. Muda wa mwaka huu ndio utakaomwambia mtoto mwakani kama amepiga hatua. Hakuna kipimo kingine tulichonacho huku kwetu.

(d) Namba 41 aandikwe. Nilikuwa nimeangalia saa ya simu yangu tangu filimbi ya kwanza mpaka alipovuka, na walimu wawili wa shule nyingine waliosimama nami wako tayari kusaini. Wasichana, mita 1,500, nafasi ya 19 kati ya 19, dakika 8 na sekunde 12. Ni mstari mmoja wa wino. Mkiuongeza na kunigongea muhuri nakala moja, nitaipeleka kwa bibi yake mimi mwenyewe, kwa gharama yangu.

Kama Kamati itaona vema kuniita, nitakuja siku yoyote isiyo ya mitihani. Kama itaona nimekosa adabu kwa kuandika hadharani, naomba radhi kwa njia niliyotumia, na hoja zangu zijibiwe hivyohivyo moja baada ya nyingine.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu wa michezo

Nakala:
Mwalimu Mkuu
Mwenyekiti wa Kamati ya Shule
Namba 41, sasa darasa la saba